Kichwa Bila Kiwiliwili

Wakili Jedlička alichapisha faili lote,
kurasa arubaini na moja, akazibana kwa pini,
akapanda nazo tramu ya asubuhi, theluji ikimwagikia Brno
kama unga wa gunia lililotoboka.
Akaziweka mezani kwangu, akavua glavu moja tu.
"Bi Hrubá," akasema, "nionyeshe ulichochukua."

Sikuchukua. Niliita.
Mstari wa kwanza wa programu yangu unaita faili la vichwa
la mfumo endeshi, na vichwa ni vichwa:
jina la kazi, inapokea nini, inarudisha nini, basi.
Kiwiliwili kimelala chini, ndani ya kiini,
nisikofika mimi.
Tazama. Mbili ni *hakuna kitu kama hicho.*
Kumi na moja ni *jaribu tena.*
Kumi na tatu, *huna ruhusa.*
Nani anamiliki kumi na tatu?

Akaipigia mstari mwekundu. Hakujibu.

Mashine yetu yaenea mfukoni mwa muuguzi.
Hupuliza mlio ndani ya sikio la mtoto wa siku mbili,
kisha hunyamaza, hungoja,
maana sikio zima hujibu: hurudisha mwangwi
mwembamba hata mama aliyempakata hausikii.
Miaka minne nimeandika kungoja huko.
Skoupil, mwenye kampuni, anataka kufungiwe kabatini.
Leseni ya kiini inataka kinyume:
kilichozaliwa nami kiishi wazi kama mimi.
Kwa ufupi, mla cha mwenziwe na chake huliwa.

Sawa. Lakini nimekula nini?
Mtu akibisha hodi, amekula?
Akijua jina la mwenye nyumba, na kwamba mlango husukumwa hauvutwi,
tayari ni jamaa, arithi na kurithiwa?

"Inategemea," akasema Jedlička, "ulibisha au uliingia,"
akafunua ukurasa wa ishirini na tisa.

Pale, katikati ya vichwa, palikuwa na kiwiliwili.
Kidogo. Mistari mitatu.
Kazi nzima iliyoandikwa humo humo kichwani,
ya kugeuza baiti, ya mbele iwe ya nyuma;
kila programu inayopita huondoka nayo
kama kishonanguo kwenye pindo la suruali.
Miaka minne, na sikuwahi kuisoma.

"Iandike upya," Skoupil alisema mlangoni, mkate mkononi.
"Ameshaiona," akajibu wakili. "Jicho halitapiki."

Tukamwita Bohdan, mwanafunzi wa mazoezi kutoka Znojmo,
kijana wa miaka kumi na tisa asiyewahi kulifungua faili lile.
Tukamweka chumba cha fotokopi na penseli.
Nilimwambia hili tu: baiti nne zinaingia,
zitoke kinyumenyume.
Jedlička alisimama kati yetu kama refa,
nisije nikakonyeza.

Dakika sita.
Mistari mitatu.
Ile ile.
Hata herufi x ilikuwa mahali pake,
kwani kitu usichokijua utakiita nani?

Hakuna aliyecheka. Skoupil alikuwa na haradali kidevuni.
Wakili alizibandika karatasi mbili kwenye kioo cha dirisha,
moja juu ya nyingine, mweupe wa nje ukazipenya,
na mistari ikalaliana
isipokuwa mkia wa mabano ya Bohdan, aliyeandika kwa mkono wa kushoto.
"Nitaandika maoni," akasema baada ya muda.
"Yatakuwa marefu."
Akaanza kutafuta glavu yake.

Jioni nikabaki peke yangu.
Nikaichomeka mashine sikioni mwangu, sikio la miaka hamsini na mbili.
Mlio. Kimya.
Nikazuia pumzi isije ikaharibu kipimo.
Kimya bado; nje tramu ya mwisho ikakata kona.

Kisha skrini ikaandika: kumi na moja.